Kiingereza cha Upande wa Pili wa Ukuta

Kati ya saluni yangu na duka la vitambaa la jirani yangu pale Kitengela kulikuwa na ukuta wa plaiwudi tu. Mtu akipiga chafya upande ule, wateja wangu walimwambia pole upande huu.

Jirani alikuwa Msomali wa Garissa, mdogo wangu kwa miaka michache. Aliuza madera, mashuka na vitambaa vya pazia, na asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia alisoma gazeti la Kiingereza, akianzia ukurasa wa nyuma. Mume wake alikuwa amefariki na hakuwa amebahatika kupata mtoto. Tuliishi vizuri. Mifereji ikikauka alinigawia maji ya kuoshea wateja nywele; akienda kuswali, mimi nilimwangalizia duka. Sikuwa na neno naye hata kidogo, mpaka siku binti yangu alipokuja kutoka shule na kitenzi.

Binti yangu alikuwa Gredi ya Nane wakati huo. Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa na mtindo wa kuandika ubaoni kitenzi kimoja kigumu kila wiki, na kila mtoto alitakiwa kukitumia katika sentensi. Wiki hiyo kitenzi kilikuwa "begrudge".

"Mum, begrudge ni nini?" akaniuliza. Nilikuwa nimeshika blodraya, mteja ameinama mbele yangu.

"Si ni kuwa na grudge? Kuwa na kinyongo na mtu." Nilijibu bila kufikiri. Mimi nilimaliza Kidato cha Nne Murang'a, na Kiingereza kilikuwa ndilo somo langu. Nikamtajia na sentensi kabisa, aandike: "I have a begrudge with my friend because she insulted me."

Aliandika kwa mwandiko wake mzuri. Kesho yake mwalimu aliisoma sentensi hiyo mbele ya darasa kama mfano wa namna kitenzi hakitumiwi, na darasa likacheka. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi ni mtoto wangu akipita mlango wa saluni na begi mgongoni, bila kunisalimia, akaingia mlango wa pili.

Nilizima blodraya. Kupitia ukutani nilimsikia jirani akicheka, lakini si kicheko cha kumcheka mtoto.

"Hapana, mama. Begrudge si kitu mtu ako nayo. Ni kitu mtu anafanya. Na haitaki 'with'. Inataka mtu, halafu kitu, zikifuatana hivyo tu. 'She begrudges me my seat.' Mimi nimekaa kwa kiti yangu, na yeye roho inamuuma juu nimekaa. Umeona?"

Kisha nikamsikia binti yangu: "My cousin begrudged me the drumstick."

"Eeeh! Kuku mguu gani hiyo?"

Wakacheka wote wawili. Mteja wangu akaniuliza kama stima zimepotea. Nikawasha mashine tena, nikamkausha nywele kwa moto mkali kuliko uliohitajika, hata akalalamika.

Ningemshukuru jirani siku hiyo, mambo yangeishia hapo. Sikumshukuru. Jioni nilimuuliza binti yangu kwa nini hakuja kwangu, akaniambia, akitazama sahani yake, "Wewe ulikuwa bize, Mum." Nilijua kwamba ananihurumia, na huruma ya mtoto inakwaruza.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Akitoka shule anapita kwangu, anaweka begi, anachukua chapati, anahamia upande wa pili, kwenye kistuli alichowekewa na jirani. Mimi nabaki nikisuka huku nasikia vitenzi vikipita ukutani: "beseech", "thwart", "relish". Nasikia jirani akisema, "Sasa iweke jana," na binti yangu anaiweka jana. "Sasa iweke kwa 'has'." Anaiweka. Alikuwa na sauti ambayo sikuwa nimeisikia nyumbani kwa muda mrefu, sauti ya mtoto anayejua kwamba anasubiriwa kwa hamu.

Nikajaribu kushindana. Wateja wakipungua nilifungua simu nikatafuta vitenzi, nikavisoma mpaka vikakaa kichwani. Jumamosi moja tukimenya viazi nilimwambia, kama mtu asiyejali, "Hebu nipe sentensi ya 'bequeath'."

"'My grandmother bequeathed her cow to my father,'" akasema papo hapo, bila hata kuinua kichwa. Kisha akaongeza kwa upole, "Hiyo tulishafanya na habaryar."

"Na nani?"

"Habaryar. Wa dukani."

Sikuuliza maana yake. Nilidhani ni jina. Lakini neno lenyewe likaanza kunifuata. Asubuhi: "Habaryar amesema nikunywe maji mob, glasi nane." Jioni: "Habaryar hapendi nikikunja mgongo." Mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyasema miaka yote, mpaka nikachoka kuyasema, sasa yalikuwa yanafuatwa kwa sababu yametoka kwa mwingine.

Siku moja nilikwenda kununua nyama kwa kijana mmoja wa Kisomali aliyekuwa na bucha mtaa wa nyuma. Akikata mifupa nilimuuliza, "Habaryar ni kusema nini?"

"Habaryar?" Akafikiri, panga likiwa hewani. "Ni kama mama mdogo."

Akaendelea kukata. Mimi nilichukua nyama yangu nikatoka, na nusura nisahau chenji.

Kwetu mtu akisema mama mdogo, anaweza kuwa anamtaja dada mdogo wa mama yake. Lakini anaweza pia kuwa anamtaja mke wa pili wa baba yake. Moyo wangu haukusimama njia panda hata kidogo. Ulikwenda moja kwa moja ule upande mbaya.

Mume wangu anafanya kazi Magadi, kwenye kiwanda cha magadi soda, kule ambako jua linapiga kutoka juu na chumvi inalirudisha kutoka chini. Anaishi kwa nyumba za kampuni na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, akiwa amekauka midomo na hataki kingine ila maji baridi na usingizi. Mwezi huo alikuja na dera jipya ndani ya mfuko wa karatasi. Lilikuwa zuri kweli, kijani kama majani ya ndizi.

"Umenunua wapi?"

"Si hapo kwa jirani yako. Nilimwambia anichagulie. Anajua rangi unapenda kunishinda."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyefanya jambo la busara. Mimi nikaona picha nzima: amesimama dukani, amegusa vitambaa, wamecheka. Na mtoto wetu yuko kwa kile kistuli akiwatazama, anamwita mmoja baba na mwingine mama mdogo. Nililikunja lile dera nikaliweka chini kabisa ya sanduku. Wikendi yote nilimjibu kwa neno moja moja. Alipokuwa anafunga begi kurudi kazini akaniuliza, "Nimekosa nini?"

"Nini?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Safari njema," nikamwambia.

Ningemuuliza. Lakini wivu una woga wake. Mtu anaogopa kuuliza asije akaambiwa ndiyo, na anaogopa pia asije akaambiwa hapana, kwa sababu hapo itabidi auweke chini mzigo ambao ameshazoea uzito wake.

Muhula uleule shule ikamchagua binti yangu kwenda mashindano ya Kiingereza Kajiado mjini. Mtoto anaokota kadi yenye kitenzi, anatoa sentensi tatu: moja ya leo, moja ya jana, na moja ya jambo lililokwisha kutendeka. Akikosea kengele inalia, anatoka. Nilifunga saluni siku hiyo, nikapanda basi la shule pamoja na walimu na watoto. Nilikuwa nimemsuka mwenyewe binti yangu, mistari midogo iliyonyooka, na njia nzima nilikuwa nikiitazama ile kazi yangu kichwani mwake na kujivunia.

Tuliposhuka Kajiado upepo ulikuwa umebeba vumbi lote la barabara. Na pale langoni ikaingia Probox nyeupe, ile ambayo jirani alibebea marobota ya vitambaa. Aliegesha, akashuka, akapangusa jilbabu yake.

"Nimefunga duka," akaniambia akitabasamu. "Singeweza kukaa."

"Umefanya vizuri," nikasema. Meno yangu yalikuwa yamebanana.

Ukumbini alikaa kiti kilichokuwa kando yangu. Binti yangu alipopanda jukwaani macho yake yalitutafuta. Niliinua mkono. Jirani pia aliinua mkono. Akatabasamu, na mpaka leo sijui alimtabasamia nani.

Raundi ya kwanza alipata "beseech". Akasimama wima, akaisema leo, akaisema jana, "besought", sauti yake ikafika mpaka nyuma. Watu wakapiga makofi. Jirani alinishika mkono kwa furaha, nami nikautoa mkono wangu kama anayetafuta kitu kwa mkoba.

Raundi ya pili akaokota "forgo". Nilikijua kidogo, ni kama kujinyima kitu kwa hiari. Akaanza vizuri: "My father forgoes his rest to come home and see us." Nikaona mwalimu wake akitikisa kichwa kukubali. Kisha akavuta pumzi.

"Last year my father forgoed..."

Kengele ikalia.

Sikujua kosa liko wapi. Kwangu ilisikika sawa. Nikageuka nikamwona jirani amefumba macho, midomo yake ikilisema kimyakimya lile neno lililotakiwa, "forwent", na hata katika dakika hiyo, mtoto wangu akiwa amesimama peke yake mbele ya watu, mimi nilichohisi kwanza ni uchungu kwamba yeye alilijua na mimi sikulijua.

Binti yangu alishuka jukwaani akitembea haraka, kisha akaanza kukimbia. Nilisimama nikafungua mikono. Akaja moja kwa moja upande wetu, akanipita, akajifukia kifuani mwa jirani, akalia huku amefunikwa na jilbabu, hata nywele nilizomsuka hazikuonekana.

Mikono yangu ilibaki wazi. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alinitazama, kisha akatazama pembeni.

Mwalimu alikuja akamchukua mtoto kumpeleka basini anywe maji. Mimi na jirani tukatoka nje. Tulipofika penye tangi la maji nikamsimamisha.

"Mtoto ni wangu," nikamwambia.

"Najua ni wako."

"Hujui. Ungejua hungejiita mama yake mdogo. Niambie tu ukweli, bwana yangu alikuoa lini?"

Nilidhani nimesema kwa sauti ya chini. Walioniambia baadaye walisema hata dereva alinisikia, na basi lilikuwa upande ule mwingine wa uwanja.

Jirani alinitazama kama ambaye amepigwa kofi na hajajua bado ni nani amempiga. "Mama mdogo?"

"Habaryar. Nimeuliza watu. Usinidanganye."

Kwanza alitaka kucheka. Niliona kicheko kikianza, kisha kikamfia mdomoni, na macho yake yakajaa maji.

"Habaryar ni dada ya mama," akasema polepole. "Dada mdogo ya mama yake. Mtoto aliniuliza aniite nani, nikasema aniite hivyo, kwa sababu wewe ni mkubwa kwangu na tumekaa kwa ukuta moja. Mimi nimejifanya dada yako. Wewe umenifanya mke mwenzio."

Niliegemea tangi.

"Na kama unataka kujua kwa nini amelilia kwangu," akaendelea, "ni kwa sababu kwako anaona aibu. Alitaka kukuletea ushindi. Mimi hata akishindwa hana cha kunificha. Wewe ndiye hakutaka umwone."

Akaenda kwa gari lake. Nilipogeuka niliona vichwa vya watoto kwenye madirisha ya basi, na kimoja kilikuwa na mistari midogo iliyonyooka. Binti yangu alikuwa halii tena. Alikuwa ananitazama tu.

Wiki zilizofuata nilipata kila nilichokuwa nimekitaka. Mtoto akipita upande wa pili, jirani alimwambia kwa sauti ya upole, nami nikisikia, "Nenda kwa mama yako, anakungoja." Binti yangu alirudi, akakaa kwenye kona ya saluni, akafanya kazi zake za shule. Hakuniuliza neno lolote, la Kiingereza wala la Kiswahili. Nikimwambia kula, anakula. Nikimwambia twende, tunaenda. Ukuta ulinyamaza. Wateja walisema saluni imetulia siku hizi, nami nilitamani kuwaambia wanyamaze nao.

Niliwahi kuamka asubuhi nikiwa nimeamua kwenda kuomba msamaha, nikafika mpaka mlangoni kwake, nikakuta mteja, nikarudi kwangu nikiwa na furaha ya kupata kisingizio. Siku niliyoingia kweli alikuwa anapima kitambaa cha pazia kwa ajili ya mama mmoja wa Kimaasai. Hakuninyanyulia macho. Alipima, akakata, akakunja, wakaagana, "Sere," "Sere," kisha akaanza kupanga makasi na tepu kwenye droo.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema. "Nilikusema vibaya mbele ya watu, na haikuwa kweli."

"Mbele ya watu," akarudia.

"Ndiyo."

"Sijui kama nimekusamehe," akasema. "Keti kwanza."

Nikaketi kwenye kile kistuli cha binti yangu. Alimimina chai ya tangawizi kutoka kwa thamosi, akanipa kikombe, akakaa ng'ambo ya meza.

"Wewe unafikiri wivu ni yako peke yako," akasema. "Mimi nilikuwa nayo kabla yako. Jioni nikifunga hesabu nasikia kwa hiyo ukuta ukimwita mtoto aje kula. Nasikia ukimgombeza juu ya soksi. Wallahi hata kugombeza nilitamani. Nikikaa nyumbani kwangu hakuna soksi ya mtu chini."

Nilitazama chai. Nilikuwa nimeishi kando ya mwanamke huyu miaka mingapi, na nilikuwa sijawahi hata siku moja kujiuliza ni nini kinachopita ukutani kuelekea upande wake.

"Mimi msamaha nitatoa," akasema, "lakini si mimi peke yangu ulikosea. Mwambie mtoto. Hapa, nikisikia."

Hilo lilikuwa gumu kuliko lote. Jioni nilimwita binti yangu dukani kwa jirani, akaja akiburuta miguu. Nilimwambia kwamba maneno niliyoyasema Kajiado yalikuwa ya uongo, kwamba baba yake hakukosa kitu na habaryar hakukosa kitu, kwamba mimi nilisikia neno nikalipa maana ya moyo wangu. Alinisikiliza akiwa ameshika kamba za begi.

"Mum, kila mtu kwa basi aliskia."

"Najua."

"Waliniuliza kama niko na mama wawili."

"Uliwaambia nini?"

Akainua mabega. "Niliwaambia mmoja anajua Kiingereza."

Jirani aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa haraka, akanitazama kuona kama nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika kidogo, ukweli ni huo. Lakini nilicheka pia, nikacheka mpaka nikajifuta macho kwa taulo ya saluni iliyokuwa begani mwangu. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi nilimweleza kila kitu. Alikuna shingo iliyochunika kwa jua, akasema, "Kumbe nilikaa Magadi mwezi mzima nikiwa na wake wawili na sijui." Kisha akaniuliza dera liko wapi. Nikaenda nikalitoa sandukuni.

Nisiseme wivu uliisha. Binti yangu alirudi kwa vitenzi vyake, nami saluni ikikosa wateja nilianza kupita upande ule nikakaa nao. Nimejifunza mengi. Lakini nikitoa sentensi, hata iwe sahihi, mtoto humtazama kwanza jirani aone kama ametikisa kichwa, ndipo anapogeuka kwangu na kusema, "Iko poa, Mum." Kila mara ninahisi kitu kidogo kikinichoma. Nimeacha kukitolea maneno.

Likizo iliyopita jirani alikuwa amefungua tawi la duka Loitokitok, kwa ajili ya wateja wa siku za soko na wanaovuka kutoka Tanzania. Akaomba amchukue mtoto kwa siku chache. Binti yangu hakuniomba, alinitazama tu, nami nikajisikia nikisema sawa kabla sijafikiri. Nilimpakia nguo mwenyewe. Nilisimama barabarani mpaka ile Probox ikapotea upande wa Isinya.

Alipiga simu siku ya pili, mchana, nikiwa na mteja. Alisema mlima umeonekana asubuhi, wote, mpaka theluji. Alisema nyanya za huko ni kubwa na amekula mpaka tumbo limemuuma. Nyuma yake nilisikia sauti za soko, na sauti ya jirani ikimtajia mtu bei.

"Kuna baridi?" nikamuuliza. "Nilisahau kukuwekea sweta."

"Iko. Lakini habaryar ameninunulia."

Nilisimama na simu sikioni. Mteja wangu alikuwa anangoja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Ni nzito?" nikauliza.

"Nzito sana."

"Mwambie asante. Na ufunge vifungo."

"Nitamwambia. Bye, Mum, naitwa."

Akakata. Nikaweka simu kwenye rafu, katikati ya mafuta na vitana, nikamwambia mteja ainamishe kichwa, nikagawa nywele, nikaendelea.